Tipitipi: Ndege, Bunduki na Mwenye Jina

Katika semina yetu ya tawasifu tulifika kwenye kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, na swali la kwanza likawa lile lile la siku zote: kwa nini mtu huyu aliitwa Tippu Tip? Mwenzetu mmoja akajibu papo hapo bila hata kufungua kitabu: ni mlio wa bunduki zake, tip, tip, tip. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, wote tukaandika, tukaendelea mbele. Mimi nami niliandika. Lakini nilipotoka nje nilijiona kama mtu aliyetia sahihi karatasi asiyoisoma. Maana mimi nimekulia Tabora, na tipitipi ninayemjua mimi ni ndege.

Makala haya basi yanahusu jina la ndege. Msomaji asidhani kwamba nimepotea njia nikaingia idara ya zoolojia. Hoja yangu ni ya kifasihi kabisa: kwamba jina hili lina maelezo zaidi ya moja, kwamba kila maelezo yana mwenyewe na yana kazi yake, na kwamba sisi wahakiki tumechukua maelezo ya mwenye bunduki kwa sababu tu ndiyo yaliyoandikwa.

Tuanze na ndege mwenyewe. Tipitipi, ambaye wengi humwita dudumizi, ni wa jamii moja na kekeo, ila yeye hujenga kiota chake na kulea makinda yake mwenyewe. Mgongo wake una rangi ya kutu, macho yake mekundu, mkia wake mrefu. Kuruka si kazi anayoiweza sana. Hupenda kujipenyeza chini chini, kwenye majani marefu, vichaka na matete ya kando ya maji. Ukimsikia alfajiri utadhani kuna mtu anamimina maji kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Bibi yangu alikuwa akimsikia tu anatuambia, “Haya, anueni nguo, mwenye mvua yake ameshaita.” Na sisi tulikuwa tunaanua, hata kama jua linawaka.

Ukitoka kwenye matete ukateremka hadi ukingoni mwa maji, tuseme pale bwawa la Igombe, utamkuta ndege mwingine mdogo zaidi, kitwitwi. Huyu ndiye hasa ndege wa kutembea majini: miguu myembamba, mdomo mwembamba, na kiuno kisichotulia. Akisimama anatikisa mkia, akitembea anatikisa mkia. Akishtuka huruka chini chini juu ya maji huku akilia twi-twi-twi, na hapo ndipo jina lake linapojieleza lenyewe. Hakuna anayehitaji kamusi kujua kitwitwi maana yake nini. Jina limetengenezwa kwa sauti, likaongezewa *ki-* ya udogo, basi.

Nimewaleta ndege hawa wawili pamoja kwa sababu majina yao yamefinyangwa kwa udongo mmoja. Kiswahili hupenda kumpa ndege jina kwa anachokisema au kwa anachokifanya. Kigong'ota anagonga. Dudumizi anadudumiza. Kitwitwi analia. Na mara nyingi silabi hurudiwa, kwa kuwa anachokifanya ndege hakifanyi mara moja. Katika lugha yetu takriri ya namna hii haibebi sauti peke yake. Hubeba pia mwendo mdogo mdogo unaojirudia: kupepesa, kupapatika, kutikisika. Kwa hiyo ukiambiwa “tipitipi”, sikio lako haliwezi kuamua upesi kama linasikia kitu kinacholia au linaona kitu kinachochezacheza. Hapo ndipo utata wote unapozaliwa, na hapo ndipo patamu.

Sasa tuangalie jina la ndege linapomwangukia mtu. Msemaji asiyenyamaza huitwa chiriku. Anayekariri maneno ya wengine huitwa kasuku. Kijana wa miguu mirefu, hata kama baba yake ni shehe, mtaani ataitwa Korongo mpaka anaoa. Tazama utaratibu wake: jina la ndege halimchukui mtu mzima mzima. Linachagua jambo moja tu mwilini au katika tabia yake, tena mara nyingi ni lile ambalo mwenyewe asingependa litajwe. Halafu jambo moja zaidi: jina hilo mtu hajipi. Hupewa. Hakuna aliyewahi kuamka asubuhi akasema, “Jamani, kuanzia leo niiteni Korongo.”

Turudi kwa Hamed bin Muhammed. Alizaliwa Unguja mnamo miaka ya 1830 akafia Unguja mwezi Juni 1905. Lakini maisha yake hayaelezeki bila njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, ikaelekea Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliweka makazi Unyanyembe akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo huyu si mgeni kwetu. Ni mtoto wa mume wa binti wa mtemi wetu. Aliitia njia hiyo bidhaa, bunduki na watu waliofungwa, akatoa pembe za ndovu, na akawa mfanyabiashara mkubwa kuliko wengine wote wa njia hiyo.

Habari zake aliziandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akazigeuza kwa hati ya Kirumi na kuzichapisha pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. W. H. Whiteley akazitoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, na wengi wetu tumezisoma katika toleo hilo au nakala zake. Jina la kitabu lina maneno ambayo mhakiki hapaswi kuyaruka: *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip, kwa maneno yake mwenyewe*. Kwa maneno yake mwenyewe! Sawa. Maisha anaweza kuyasimulia kwa maneno yake mwenyewe. Lakini je, lakabu nayo ni maneno yake mwenyewe?

Maelezo ya jina hilo yapo matatu, na ni vyema tuyapange.

La kwanza ni la kitabu chenyewe. Mnamo 1867 Hamed alipigana na Nsama, mtawala wa Itabwa, kusini ya Ziwa Tanganyika, mtu ambaye watu wa pwani walikuwa wakimwogopa kwa muda mrefu. Akamshinda, akachukua pembe nyingi na shaba. Anasimulia kwamba waliokimbia vita hivyo ndio waliosema kuwa bunduki za mtu huyu zinalia “tip tip”, na kwamba mlio huo ulikuwa haustahimiliki kusikiwa. Hapo ndipo lakabu ilipozaliwa, kwa hesabu yake.

La pili linatokana na David Livingstone, ambaye mwaka huo huo wa 1867 alikuwa katika nchi zile zile na akasaidiwa na Hamed. Katika shajara zake za mwisho jina linaelezwa kwa maana ya mkusanyaji wa mali: kwamba Hamed alisimama juu ya nyara za Nsama, akazikusanya, akajiita kwa jina hilo.

La tatu ni la macho. Henry Morton Stanley alipokutana naye mwaka 1876 alimsifu sana kwa umbo na adabu, lakini hakuacha kuona kwamba macho yake yalikuwa yakichezacheza. Nao walioandika wasifu wake, tangu Brode, wanataja kwamba watu walimwita Tippu Tip kwa kumfananisha na ndege apepesaye macho. Yaani tipitipi. Yaani yule yule wa matete ya bibi yangu.

Mwenzangu wa semina atasema: maelezo matatu, basi tuchague lililo kweli, na ni nani ajuaye jina kuliko mwenye jina? Hoja hii inaonekana nzito, na kwa miaka mingi ndiyo iliyotawala. Mimi naona inaanguka kwa uzito wake yenyewe, na sababu zangu ni tatu.

Sababu ya kwanza inahusu mbinu ambayo sisi wanafunzi wa fasihi tunaijua vizuri, nayo ni majazi. Shaaban Robert katika *Kusadikika*, kitabu cha mwaka 1951, anatupa mhusika aitwaye Karama na mwingine aitwaye Majivuno, na kabla hawajafungua midomo tumeshajua tuwapende au tuwachukie. Hayo ni majazi: mwandishi anampa mhusika jina linalooana na kazi atakayoifanya. Lakabu ni kitu kingine. Lakabu hutoka mtaani, njiani, kambini. Hutolewa na watu wasio na kalamu, na mara nyingi nyuma ya mgongo wa mhusika. Anachokifanya Hamed bin Muhammed katika kitabu chake ni kuichukua lakabu aliyopewa na kuigeuza kuwa majazi. Jina lililokuwa la macho linakuwa la bunduki. Aliyekuwa anatazamwa anakuwa anayesikiwa kwa mbali, kwa hofu. Huu ni ufundi wa mtunzi, tena ufundi wa hali ya juu. Lakini ufundi wa mtunzi si ushahidi wa mahakamani.

Sababu ya pili imo ndani ya kitabu chenyewe, na nashangaa kwamba huwa hatuitaji. Ukisoma tawasifu hii utaona jinsi ilivyo kavu: frasila ngapi, deni la nani, nani alikwenda wapi na bunduki ngapi. Mwandishi hajishughulishi sana na wengine wanamwonaje. Watu wa bara mara kwa mara anawaita washenzi, na anaposimulia maneno yao ni mara nyingi kwa kuonyesha kwamba wamekosea au wamedanganywa. Lakini hapa, kwenye jina, ghafla ushahidi wa “washenzi” unakubalika! Waliokimbia kwa woga, lugha yao si Kiswahili, mwandishi hawapi majina wala sura, ndio wanaokuwa mashahidi wa pekee wa lakabu yake. Kwa nini? Kwa sababu wanasema analolipenda. Msimulizi anayemsikia mshinde wake pale tu anapomsifu, huyo mhakiki anatakiwa kumsoma kwa jicho la pembeni.

Sababu ya tatu ni ya njia yenyewe. Nani alikaa na Hamed bin Muhammed karibu kiasi cha kuona kope zake? Si watu wa Nsama waliokuwa wakikimbilia porini. Ni waliotembea naye: wapagazi, walinzi, wapishi, wanawake wa msafara, wafanyabiashara wenzake. Katika wapagazi hao Wanyamwezi walikuwa wengi. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kiitwacho *Carriers of Culture*, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wa ujira wenye desturi zao za njiani, wakijua thamani yao na kuweza kugoma. Moja ya desturi zilizokua na misafara ni utani. Mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana msibani utani huo unaonekana: mmoja analia, mwingine analala kaburini anadai alipwe. Katika utani hakuna mkubwa. Bwana mwenye bunduki mia na zaidi ana kope zinazochezacheza. Basi, bwana huyo ni tipitipi. Mzigo wa pembe begani, jua la Ugogo, na mbele yako anakwenda ndege. Hiyo ndiyo sauti ninayoisikia mimi katika jina hili, na ni sauti ya kicheko.

Ili nisionekane najengea nyumba mchangani, naomba nilete mfano mwingine wa hapo hapo Tabora. Januari 1893 Wajerumani waliivamia ngome ya mtemi Isike wa Unyanyembe wakiongozwa na Tom von Prince. Isike aliona heri kujilipua kwa baruti kuliko kushikwa. Huyu von Prince Waafrika walimwita Bwana Sakarani. Sakarani kwa Kiswahili ni mlevi, mtu aliyelewa. Wajerumani nao wakalifasiri jina hilo kwa namna ya kishujaa: mtu aliyelewa vita, asiyejua woga. Mwenyewe akalipenda kiasi kwamba shamba lake huko Usambara liliitwa Sakarani, na mahali hapo panaitwa hivyo hadi leo. Hebu tazama mchezo wenyewe. Waliolitoa jina walikuwa wakimtazama mtu na kusema kitu fulani kwa midomo iliyobanwa. Aliyelipokea akaligeuza nishani. Baada ya miaka mia moja nishani ndiyo inayosomwa, midomo iliyobanwa imesahauliwa. Tippu Tip na Sakarani ni ndugu katika jambo hili, ingawa mmoja aliandika kitabu na mwingine alipanda shamba.

Na kuna ndugu wa kweli pia. Nduguye Hamed kwa mama, Muhammed bin Masud el Wardi, aliitwa Kumbakumba. Hapa kitendo hakijifichi: kukumba ni kuzoa kila kitu bila kuchagua. Takriri ile ile, silabi mbili mbili, lakini hakuna ndege wala bunduki wa kuifunika. Ukiyasoma majina haya mawili pamoja unaona kwamba wasemaji wa njia ile walijua kabisa walichokuwa wakikisema.

Pingamizi moja naliheshimu, kwa sababu aliyelitoa ni rafiki yangu na alilitoa kwa uchungu. Alisema: ukimwita mtu huyu ndege, huoni kwamba unamsafisha? Mlio wa bunduki angalau unatukumbusha damu. Ndege wa matete anamfanya mzee mpole apepesaye macho barazani. Nilikaa na swali hilo siku kadhaa. Jibu langu ni kwamba ni kinyume chake. Isome tena hiyo “tip tip”. Bunduki za gobori zinazolipuka katikati ya watu, na sauti iliyobaki kwenye ukurasa ni kitu kidogo kama matone ya maji kwenye sufuria. Tanakali hiyo inatupa mlio, haitupi maiti. Inatuweka upande wa mwenye kufyatua, mahali pa kusikiliza kwa starehe. Vivyo hivyo lile la “mkusanyaji wa mali”: katika njia ile mali ilikuwa pamoja na binadamu, na neno moja la kusifu linawafunika wote kama turubai. Ukiniuliza ni maelezo gani yanayosafisha, nitakuonyesha hayo mawili.

Jina la ndege halisafishi. Linapunguza. Linamtoa mtu kwenye hadithi yake kubwa na kumrudisha mwilini mwake: macho, kope, uchovu, uzee unaokuja. Watu wasioweza kumzuia waliweza walau kumtazama, na walichokiona wakakipa jina ambalo yeye asingeweza kulizuia pia. Hiyo ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo wengi kwenye njia ile, na sisi watoto wao tumekubali kuisalimisha kwa kunukuu sentensi moja ya kitabu.

Sisemi tuitupe tawasifu hii. Ni miongoni mwa nathari za kwanza ndefu za Kiswahili zilizoandikwa na mtu kuhusu maisha yake, na lugha yake ni hazina. Ninachosema ni kwamba tuisome kama tunavyosoma kazi yoyote ya fasihi, kwa kuuliza nani anasema, kwa nini, na nani amenyamazishwa. Swali la jina lisiulizwe tena kama swali la mtihani lenye jibu moja la alama mbili. Liulizwe kama swali la uhakiki: katika kila maelezo, nani anamtazama nani?

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Jina hili si jema wala baya, lakini kweli linang'ara, na mwanga wake unategemea umesimama upande gani. Likizo iliyopita nilikwenda Kwihara, ambako Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872, nikarudi kwa miguu chini ya miembe. Karibu na bonde moja lenye matete nilimsikia dudumizi akimimina chupa yake. Mzee aliyekuwa akichunga mbuzi nilimuuliza, “Shikamoo mzee, yule ndege nyie mnamwitaje?” Akaniambia marahaba, akanitazama kama anatazama mtu wa mjini, akanijibu kwamba ana majina mengi, inategemea unamuuliza nani. Sikumwambia chochote kuhusu semina. Niliporudi chuoni nilifungua daftari langu mahali nilipoandika “mlio wa bunduki”, sikuifuta. Nikaongeza chini yake: “kwa maneno yake mwenyewe”.